Kabichi Themanini

Jumatatu, 11 Novemba
Gyu-seok kapiga simu. Mwanangu wa kumzaa, eti nyumba hii kubwa mno kwa mtu mmoja. Mtu mmoja! Vyumba vyangu vitatu vya juu vina wapangaji, na wote wanakula mezani kwangu. Kampuni inataka kubomoa mtaa mzima ijenge maghorofa. Nimebaki mimi tu sijagonga muhuri wangu kwenye mkataba wa kuuza. Jumamosi atamleta mtu wao. Nikamwambia karibuni. Kukaribisha si kukubali.

Jumanne, 12 Novemba
Hye-ju, mwanafunzi wa chumba cha mwisho, kanikuta nalia jikoni. Nikasingizia vitunguu. Wala sikuwa na kitunguu mkononi.
"Mama mdogo," ndivyo wapangaji wanavyoniita, "tuanze kutafuta vyumba?"
"Kula, wali unapoa."
Imeniuma. Nyumba yangu, na mtoto wa watu hapati usingizi kwa ajili yake.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimeagiza kabichi themanini. Muuzaji kacheka, eti nalisha jeshi? Mwaka jana nilichukua arobaini. Basi mwaka huu themanini. Kimchi, kabichi yetu ya chumvi na pilipili, ikishafukiwa uani kwenye mitungi, haihamishwi mpaka baridi iishe — inaharibika. Waje na matingatinga yao, wataikuta mitungi minane ardhini. Gyu-seok anasema ngazi za nyumba hii zitaniua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aniachie kunguni wangu.

Ijumaa, 15 Novemba
Kutia chumvi kutwa nzima. Mgongo!

Jumamosi, 16 Novemba
Naandika upesi, vidole vinawasha pilipili.
Wamekuja. Wametukuta tumechutama uani, wekundu hadi viwikoni. Siku ya kimchi mgeni haondoki mdomo mtupu, kwa hiyo Hye-ju kamlisha bwana wa kampuni jani zima. Katafuna, machozi yanamtoka, kaomba jingine.
Gyu-seok hakucheka. "Mama, muhuri uko wapi?"
"Upo. Chini ya mtungi wa nne."
"Na mtungi?"
"Umeshajaa. Nimeufukia asubuhi."
Kaniita kichaa, mbele ya wapangaji wangu. Nikamwonyesha koleo lilipo, nikaingia ndani kunawa.
Namwona dirishani. Koleo analo. Anautazama mtungi wa nne, ndani ya shimo alilochimba yeye na marehemu baba yake, alipokuwa mtoto wa miaka tisa. Kabichi ishirini bado. Hye-ju anamnyooshea glavu, na yeye analaza koleo chini, anavua koti —