Tuzo ya Swalehe

Nkowe, Ruangwa

Wifi yangu Zuleha,

Hatujambo. Ufuta tumeshavuna, mama anakusalimu.

Ile programu ya simu ya kaka yako, inayotambua ugonjwa wa mkorosho kwa picha ya jani, imepata tuzo ya ubunifu. Nilikwenda Dar kuipokea. Mshereheshaji akauliza, "Swalehe mwenyewe yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi wa tatu," nikasema.

Ukumbi mzima ukasimama. Sikulia, wifi. Nilitazama viatu vyangu tu.

Wakulima bado wanaandika kwenye simu yake. Jana mzee mmoja wa Nanganga kaandika, "Nilipuliza salfa ulivyosema, Swalehe. Mikorosho imepona."

Nikamjibu kwa jina la Swalehe: "Nashukuru, mzee. Karibu tena."

Wifi yako,
Hajra