Mikono ya Kushoto

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kakese hatujambo. Mpunga umeshaingia ndani, na babu yako kikohozi kimemwachia. Umeniuliza kwa nini wanafunzi wako wa Kiingereza wanaitikia "ndiyo, madam" kila siku, halafu mtihani wanafeli.

Na mimi niliitikiwa hivyo nilipoanza kufundisha sekondari kule Majimoto. Siku moja mkaguzi alikuja, akaketi nyuma ya darasa. Kabla sijaanza, kiranja wangu Kabula akaninong'oneza: "Madam, tutanyoosha wote. Chagua mkono wa kulia tu. Wa kushoto hajaelewa, ila hatutaki uaibike."

Nikauliza swali la hadithi tuliyoisoma muhula mzima. Darasa zima likanyoosha, mkaguzi akatabasamu. Mimi niliona mikono ya kushoto safu kwa safu, na wa kulia mmoja, wa Kabula.

Akajibu vizuri, nikapongezwa mbele yao. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekataza Kiswahili darasani, kwa hiyo asiyeelewa alikosa hata lugha ya kuniuliza. Bado walinihurumia.

Mpaka leo, mtoto akinipungia kwa mkono wa kushoto, naangalia chini.

Ni mimi bibi yako,
Tereza