Kozi ya Tano

Jumatatu, 29 Julai

Nimekataliwa. Kompyuta haikusema hata pole, mstari mwekundu tu: kozi nne zimetosha. Mimi nahitaji tano! Nne za muhula huu, na Takwimu, ile niliyofeli Juni bila hata kuuona mtihani. Bibi alikufa, nikavuka kwenda kisiwani kwetu Kadavu kumzika, narudi chuoni Suva mtihani umeshapita. Ufadhili unaisha Novemba, na bila Takwimu sihitimu. Shule ya kwetu imeniwekea nafasi ya kufundisha hesabu, itaningoja mpaka Januari, si zaidi. Kozi moja tu jamani! Ijumaa saa kumi jioni wanafunga usajili.

Jumanne, 30 Julai

Dirishani kwa Bi Premila wa usajili. Mvua, foleni mpaka nje. Kanuni anaijua kwa ghibu: tano ni kwa wenye wastani wa B, wasiofeli kitu mwaka huu. Nikamwambia sikufeli, nilifiwa. Akaniuliza fomu ya udhuru iko wapi, ilitakiwa ndani ya siku mbili. Siku mbili! Kwetu simu inashika kilimani tu. Nani anapanda kilima kutafuta mtandao na maiti iko ndani?

"Mwanangu, mimi nakuelewa," akasema. "Hii kompyuta ndiyo hainielewi mimi."

Mwenye uwezo wa kuruhusu ni mkuu wa kitivo peke yake, Dokta Naqiri.

Nimeingia darasa la Takwimu hivyo hivyo. Jina langu halimo. Mfa maji haachi kutapatapa. Mhadhiri aliponitazama nikainamia daftari.

Jumatano, 31 Julai

Dokta Naqiri alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha — hapana. Mwaka jana aliwaruhusu wawili waliofeli kama mimi, wakaanguka kozi zote tano. Sasa kamati inakagua kila ruhusa anayotoa.

Alipojua natoka wapi akacheka. Kijiji chao na chetu ni watani! Eti hajapata kuona mtu wa kwetu anaomba kazi zaidi, tumezoea kuomba chakula. Nikacheka huku machozi yananilengalenga.

Jioni mama akapiga kutoka kilimani. Nikalia, nikamsimulia yote, na ule utani pia. Halafu akataka nirudie jina la kijiji cha mkuu.

Alhamisi, 1 Agosti

Ujumbe wa mama: Mjomba Waisake anapanda meli, anakuja na jino la nyangumi.

Kwetu ukilipokea jino hilo umekubali ombi, basi, hakuna kurudi nyuma. Tena mtani hamkatalii mtani! Lakini ofisini kitu hicho kina jina jingine. Kanuni iko ukurasa wa kwanza wa kitabu cha chuo: mwanafunzi au ndugu yake akimpa mwalimu chochote, mwanafunzi anafukuzwa. Nilitaka kuongezewa kozi, sasa nitapoteza hata nne nilizonazo.

Kelera ninayelala naye chumba kimoja anasema nikamzuie bandarini. Naye ni wa Kadavu. Nikamuuliza, wewe ungemzuia mjomba wako? Akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimemsihi Mjomba pale pale gatini, watu wanapita na magunia ya magimbi. Hakusikia.

"Nani alikwambia usiondoke kabla ya usiku wa nne wa matanga?" akaniuliza. "Si mimi? Boti ilikuwepo, nikaiacha iende bila wewe. Kwa hiyo hili si lako. Ni langu."

"Watanifukuza, Mjomba!"

"Hakuna anayefukuzwa kwa heshima."

Na mimi nampenda huyu mzee. Hilo ndilo linaloniua.

Saa tisa u nusu. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu, mlango uko nusu wazi. Maji yamenifika shingoni, naandika ili nisipige kelele.

Dokta alipomwona alianza utani: "Heee! Walaji popo wamefika! Nifiche chakula?"

Mjomba akaketi chini, akainama, akaliinua jino kwa mikono miwili. Dokta akaacha kucheka. Akatoka kitini, akaketi chini naye, na suti yake hiyo hiyo.

"Mzee wangu, usinipe," namsikia anasema polepole. "Nikilishika, binti anafukuzwa, na mimi namfuata. Nisipolishika, kwetu nitarudi na uso gani?"

Mjomba hajashusha mikono.

Saa tisa na dakika hamsini. Bi Premila amepita, amechungulia, amerudi dirishani kwake; saa kumi anafunga. Nikiingia namvunjia Mjomba heshima mbele ya mtani. Nisipoingia —

Dokta amenyoosha mkono. Mmoja tu. Jino hupokewa kwa mikono miwili. Sijui huo mmoja unapokea au unakataa.