Kinundu Kwenye Jino la Gia

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hapo kwa mjomba unakula na unalala, maana mkeo anasema ulivyoondoka hata maji yalikuwa hayapiti. Sisi huku wazima. Mama mgongo unamsumbua kidogo ila mdomo mzima, kila siku anakugombeza kwa kuzima simu. Ndiyo maana naandika. Mkeo anakuja huko kesho, nimemwambia akupe barua hii mkononi na asibanduke mpaka uimalize. Tafadhali usinune katikati ukaitupa.

Najua tangu wakusimamishe kazi unajiuliza ni nani aliyekuchongea. Hakuna, kaka. Ile gia waliyoiweka mezani wakasema umeiba mchoro wa kiwanda, niliitengeneza mimi, chumbani kwangu, kwa ile printa uliyokuwa ukiiita kichezeo. Kiwanda chenu hakiuzi gia peke yake. Ikivunjika, waokaji mikate wanaambiwa wanunue mashine nzima ya kukandia unga, kwa hiyo wanakuja kwangu na vipande mkononi. Navipima, nachora kwenye kompyuta, na printa inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka gia inakamilika. Wewe hujawahi kuniletea hata msumari kutoka kazini.

Kilichokuponza ni kinundu. Gia zenu zina kinundu kidogo kwenye jino moja, na zangu zinacho vilevile. Meneja alipokiona kwenye gia yangu akasema kitu hicho hakiwezi kutoka popote ila kiwandani, na msimamizi wa kalibu, yale maumbo ya chuma ya kumiminia plastiki, ni wewe.

Nilipozipata habari hizo nikasema potelea mbali. Wanichukulie printa, wanishtaki wakitaka, lakini kaka yangu hataitwa mwizi. Juzi nikapiga moyo konde nikaenda hadi ofisini kwa meneja. Alinisikiliza huku akitazama dirishani, akasema gia kama ile haitengenezwi na mtu pembeni ya kitanda. Nikamwambia basi aje aone kwa macho yake.

Alikuja kweli, na mhandisi wenu yule wa miwani. Walikaa kitandani kwangu wamebanana, mama kasimama mlangoni kama askari. Dirisha nililifunga, maana upepo ukiingia plastiki inajikunja, na joto lilikuwa la kukutoa roho. Meneja alikuwa akijipepea na kusema kwamba kiwandani, kwa muda ule, wangekuwa wameshajaza makasha.  Mimi nilikuwa naomba Mungu tu umeme usikatike, kwa sababu ukikatika naanza upya, na wasingekubali kukaa tena. Kila printa ilipobadilisha mlio nilikuwa nainama kuichungulia. Hatimaye gia ikatoka, na kinundu chake.

Mhandisi akaigeuzageuza, akaniuliza hicho kinundu ni cha kazi gani. Nikamjibu kwamba sijui, ila kiwanda kizima hakiwezi kuweka kitu bila sababu, kwa hiyo nilikiiga kilivyo. Wateja wakilalamika kwamba gia inapiga kelele, nawaambia itazoea. Wee! Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikamwishia. Alieleza kwamba kile si mchoro, ni jeraha. Mtu amekwaruza kalibu kwa chuma, plastiki inajaa kwenye mkwaruzo, na kila gia inatoka na kinundu kinachotafuna meno ya gia mwenzake mpaka yanakatika. Meneja alibadilika rangi. Akasema suala la wizi limekwisha, gia imeigwa tu. Mama akaniangukia shingoni kwa kilio.

Walipoondoka nilikifuta kile kinundu kwenye kompyuta, dakika haikupita, nikachapa gia nyingine na kuifunga kwenye ile mashine ya mama ya kukandia. Kimya, kaka! Inakanda unga kimya kabisa. Kiwandani itabidi wasimamishe kazi na kuchonga chuma upya. Ningekuwa na raha ningewacheka, lakini raha sina, na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Pale mlangoni, walipokuwa wakitoka, mhandisi aliniuliza kama uliwahi kuniambia ni nani aliyekwaruza kalibu. Alisema meneja ameshampata mtu wake, yule mama wa zamu ya usiku anayepokea mashine kutoka kwako, na Jumatatu watamfukuza. Palepale nikakukumbuka umekaa sebuleni kwetu, kidole kimefungwa bandeji, unatuchekesha jinsi plastiki ilivyonasa kwenye kalibu, kijiti cha shaba kisichokwaruza hukukiona, ukaichokonoa kwa bisibisi. Mimi nilicheka kuliko wote. Sasa nikamtazama yule mhandisi usoni nikamwambia sijui.

Nimedanganya kwa ajili yako, kaka. Jumatatu asubuhi nimeitwa niulizwe tena, safari hii mbele ya yule mama. Sitaweza kumtazama huku anaangushiwa jumba bovu. Naogopa sana, maana nilikwenda kukutoa kwenye shimo na huenda nakusukuma kwenye jingine. Lakini nakuomba utangulie wewe. Washa simu, panda gari, useme mwenyewe kwa mdomo wako kabla sijaitwa ndani. Ukishasema, mimi nitakaa kimya na tutarudi nyumbani pamoja, uwe na kazi au huna. Nisipokukuta pale, kaka, nitasema.

Mama anakusalimu sana, hajui haya ya mwisho. Tufikishie salamu kwa mjomba na mkewe, na umwambie mkeo asante kwa kusubiri usome.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kidomo