Wali wa Leo Hauendi Kabatini

Shifaa,

“Kila siku mchele wachukua wewe, umefungua duka?” Hayo nimemwambia Ashwaq wa ghorofa ya pili leo asubuhi, pale chini penye kabati la chakula tulilowawekea majirani wenye haja, na watu wanapita. Akanijibu polepole, “Dada Rukiya, likizo ya Disemba imeanza. Wanangu watatu wanashinda nyumbani, na baba yao kaachishwa kazi.” Akaurudisha mchele, akapanda ngazi. Na mimi ndiye niliyegonga kila mlango wa jengo hili kuomba vya kujazia kabati hilo!

Mwanangu, nimekwenda kazini na aibu yangu. Wali umo sufuriani, kuku yumo kwenye friji, mpashe moto. ~~Bakuli moja lipeleke kabatini.~~ La, usipeleke kitu. Tandika jamvi, toa sinia kubwa. Saa saba narudi kumwomba Ashwaq radhi mwenyewe. Kabla ya hapo, shuka na nduguyo Badar mkabishe hodi kwake. Akisema wameshakula, usikubali, hata mimi ningesema hivyo. Mwambie, “Mama kasema karibuni nyote, chakula kimeshapakuliwa.”

Mama yako