Mchoro wa Vuli Uliozibia Ghala

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jeremiah Muindi Nzioka
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu mstaafu
Makao: Kyumbi, Machakos
Tarehe: 12 Januari 1998, saa nne asubuhi

Naomba radhi kwa kunyamaza wiki tatu. Fundi Maundu amezuiliwa hapa kituoni tangu juzi kwa wizi ambao haukutendeka.

Mnamo tarehe 8 Novemba 1997, saa tisa alasiri, mvua iling'oa mabati mawili ya ghala langu. Ndani mlikuwa na magunia manne ya pojo. Nilimwita Maundu, seremala na jirani yangu. Hakuwa na ubao wa kuzibia. Nilimtolea mchoro aliouchora binti yangu Wanza, uliokaa nyuma ya kabati tangu Agosti.

Ni plaiwudi ya futi nne. Mwanamke ameketi, nywele zake ni matawi ya kunde yenye maua, gauni lake lina mistari kama ya kiondo, na matone yanashuka vidoleni mwake kwa safu, kama shanga. Wanza alipouleta nilimwuliza huyo ni nani.

"Baba, huyu ni Vuli."

Nilimwambia vuli haina uso. Alicheka. "Vaa miwani, utamjua."

Maundu alisita ngazini. "Mwalimu, huyu mama tumwache anyeshewe?"

"Huo ni ubao. Panda."

Aliulaza uso ukielekea ndani. Mabati mapya yalipopatikana, nilimwambia auchukue pamoja na mabaki.

Tarehe 22 Desemba Wanza alikuja likizo, akauulizia. Nilijibu kwamba sijui. Kwa miaka thelathini na minne niliwaadhibu wanafunzi kwa jibu kama hilo. Akaripoti wizi. Juzi aliuona umetundikwa katika karakana ya Maundu. Nimeambiwa kwamba Maundu, alipokamatwa, alisema tu, "Muulizeni Mwalimu."

Leo nimeonyeshwa mchoro huo nikiwa na miwani. Rangi imebanduka pembeni, lakini uso ni mzima. Kwenye paji la uso pana alama ya mkanda wa kiondo, kikapu kinachobebwa mgongoni. Ni alama ya marehemu mke wangu, Nzembi, mama yake Wanza. Ndiye aliyelinda pojo yangu, kama alivyozoea.

Wanza yuko nje, na bado sijamwambia. Nitamwambia nikitoka. Yeye ataamua mchoro ukae kwake, kwangu, au kwa Maundu, aliyeutunza kuliko mimi. Akishaamua, nitawaandikia.

Hayo ndiyo niliyopaswa kuyasema tangu Desemba.

Sahihi: J. M. Nzioka

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, naye ameyakubali. Aliomba kitambaa kikavu cha kufutia miwani, nikampa. Maundu ameachiliwa saa sita na dakika kumi.
Koplo Winrose Kuria