Lenzi ya Sandukuni

Wingwi, Pemba
3 Februari 2024

Kwa binti yangu Laila,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua ninapotoka msikitini. Mvua za vuli zilikuwa chache. Hata hivyo muhogo umesimama.

Najua imepita miaka mingi bila barua baina yetu. Siandiki kulalamika. Nina swali la kitaalamu, na kaka yako Hamad ameniambia kwamba unafanya kazi katika duka la picha la Mzee Mufaddal huko Unguja. Hamad alipokuja likizo kutoka Maskati aliniletea kamera, lakini alichokileta ni mwili mtupu. Aliiona inang'aa dukani akaichukua, wala hakuuliza kwa nini pana tundu mahali pa jicho.

Ninayo lenzi moja hapa nyumbani. Ni nyeusi, urefu wake ni kama kidole changu cha kati, imeandikwa 18-55, na ubavuni ina alama nyeupe ya kiwandani. Nimejaribu kuipachika. Inagusa, lakini haiingii wala haifungi. Je, niikaze kwa nguvu? Naomba jibu lililopangwa vizuri.

Nambari yako ya simu sinayo, na mambo ya maana huandikwa. Barua hii ataileta Bakar, mchukuzi wa bandarini Mkoani, ambaye huvuka kila baada ya wiki mbili.

Baba yako,
Talib Shaame


Unguja
19 Februari 2024

Mwalimu Talib Shaame,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, alhamdulillahi. Magoti uyakande kwa mafuta ya moto, kama mama alivyokuwa akikufanyia.

Usiikaze. Kila kampuni ya kamera ina mdomo wake. Geuza lenzi utazame nyuma: utaona chuma cha mviringo chenye meno matatu. Bodi, yaani mwili wa kamera, nayo ina chuma kama hicho. Meno yasipopata nafasi zake, lenzi haifungi. Pia pana vidoti vya shaba vinavyopitisha umeme. Ukilazimisha utavipinda, ukose lenzi na kamera pamoja.

Anayeanza hutazama ukubwa wa lenzi, au uzuri wake. La kwanza ni mdomo. Nakili jina na herufi zote zilizo juu ya bodi, niletee. La pili, jiulize unataka kupiga nini: watu chumbani, au ndege juu ya mkarafuu? Lenzi ni tofauti.

Hiyo ya 18-55 naijua. Alama nyeupe si ya kiwandani. Niliichora mimi kwa rangi ya kucha ya Yumna, jirani yetu, ili nijue pa kuanzia ninapoipachika. Lenzi hiyo ni yangu. Haioani na kamera ya Hamad. Inaoana na bodi niliyoondoka nayo.

Laila Talib


Wingwi
4 Machi 2024

Kwa binti yangu Laila,

Assalaam alaykum. Habari za Unguja, na habari za kazi? Hapa hatujambo. Mafuta ya moto yamesaidia.

Barua yako imefika. Ina makosa mawili ya uakifishaji, na neno "bodi" katika Kiswahili sanifu ni baraza la kusimamia shule. Aidha, umeniita Mwalimu. Neno ni sahihi.

Maelezo yako yameeleweka. Nimelifikiria suala la mdomo, nikaona ni upatanisho wa kisarufi hasa. Nomino ndiyo inayoamua. Kivumishi hakijichagulii kiambishi. "Kikombe vizuri" haifungi hata mtu apige kelele. Nimelifundisha somo hilo miaka thelathini na minne, wala sikujua kwamba mafundi wa kamera nao wamo darasani.

Jina na herufi za kamera nimezinakili katika karatasi ya pili. Nataka kupiga watu, ndani ya nyumba.

Kuhusu lenzi, sikusahau ni ya nani. Nimeifunga kwa kitambaa cha sufu nikaiweka sandukuni ili isidhurike.

Nina swali jingine, nalo si la kitaalamu. Je, unayo picha yoyote ya mama yako? Ile ya kitambulisho imeingia unyevu, na uso umefutika.

Baba yako,
Talib Shaame


Wingwi
22 Juni 2024

Laila binti yangu,

Assalaam alaykum. Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita. Natumaini ulizisali ukiwa mzima. Bakar amevuka mara saba na kurudi mikono mitupu. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba swali ni lazima lijibiwe. Leo sidai.

Nitaandika ilivyokuwa, ili usidhani kwamba nimesahau. Mama yako alikuwa nyuma ya jiko akipepeta mchele, ushungi umemwanguka, anacheka jambo alilosimuliana na shangazi yako Mwanapili. Ukampiga picha. Akaniletea kamera yeye mwenyewe barazani: "Mwalimu, tazama, hino imetoka vizuri. Au nayo ina makosa ya sarufi?"

Nikamjibu, "Sema hii, si hino."

Hilo ndilo jibu nililompa. Miaka thelathini nilimsahihisha neno hilo, naye hakuliacha hata siku moja. Kisha nikasema kwamba picha ya mke wangu kichwa wazi haitapelekwa mjini kusafishwa na wanaume nisiowajua. Nikakuamuru uifute. Nikachomoa lenzi, nikasema utaipata ukijifunza adabu. Baada ya miezi miwili ukaondoka na mwili wa kamera. Mwaka uliofuata mama yako alifariki. Ulifika siku ya tatu, hitima imekwisha kusomwa, ukarudi bandarini bila kunipa mkono.

Sauti yake ninayo bado. Uso unanitoroka. Nikifumba macho naona mikono na ungo, naona ushungi. Ndani ya ushungi hapana kitu.

Nampa Bakar lenzi yako. Ndani ya kioo pana utandu kama wa buibui, ingawa buibui sikumwona. Kama picha ile uliificha mahali popote, sitakukemea. Utakuwa umefanya vyema kutonitii.

Baba yako


Unguja
9 Julai 2024

Baba,

Waalaykum salaam. Mimi mzima. Bakar anasema umekonda. Kula.

Lenzi imefika. Niliitoa bodi yangu kabatini, nikaweka alama nyeupe kwenye alama yake, nikazungusha. Ta! Ikafunga. Miaka kumi na miwili, na ikafunga mara moja.

Lakini utandu ule si wa buibui. Mzee Mufaddal aliishika mbele ya taa, akaniuliza, "Nani kaifunga hii kwenye sufu?"

"Baba yangu."

"Alitaka kuitupa?"

"Alitaka kuitunza."

"Basi, binti yangu, kaiua kwa kuitunza. Lenzi inataka hewa na mwanga kama mtu. Hii ni kuvu, na imeshakula kioo."

Kila ninachokipiga kwayo kina ukungu. Nimeirudisha kabatini. Kutupa nimeshindwa.

Sasa swali lako. Nilichelewa kwa sababu nilitaka kukudanganya, nikakosa uongo wa kufaa. Baba, niliifuta. Ulisimama mbele yangu ukasema, "Nionyeshe." Nikakuonyesha kioo cha kamera, hakina kitu. Mama alipofariki niliipeleka kadi ya kamera, inayotunza picha, kwa mafundi watatu. Wote walisema neno moja: nimeshapiga nyingine juu yake, hairudi. Nilipiga ukuta, Baba. Nilikuwa naijaribu kamera kwa lenzi ya kuazima, nikapiga ukuta wa nyumba ya watu.

Watu wa Wingwi wanasema niliondoka kwa ukaidi. Siku ile nilikuwa mtiifu. Natamani nisingekuwa.

Bakar anakuletea lenzi inayooana na kamera ya Hamad. Nimeijaribu hapa kwenye bodi ya aina hiyohiyo. Ni ya milimita thelathini na tano. Kwa kamera yako inaona karibu kama mtu anavyoona akiwa chumba kimoja na mwenziwe. Haivuti watu karibu. Wewe ndiye utakayesogea. Weka nukta kwenye nukta, zungusha taratibu mpaka uisikie, na usiifungie sandukuni.

Shangazi Mwanapili yuko Shumba. Alikuwapo siku ile. Nenda ukampige picha. Usimpange.

Laila


Wingwi
27 Julai 2024

Laila mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakula. Barua yako nimeisoma mara nne, na sikutafuta makosa.

Jumapili nilikwenda Shumba Viamboni kwa shangazi yako, nikamkuta na ungo wake mapajani. Lenzi ilifunga kama ulivyosema. Picha tatu za mwanzo ni za kidole changu na sakafu. Mwanapili aliitazama kamera, akasema, "Kaka, hino ndiyo iliyokukosanisha na mtoto? Mbona ndogo!"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Kisha nikamuuliza swali nisilowahi kuuliza: siku ile nyuma ya jiko, walikuwa wakicheka nini? Akasema, "Tulikucheka wewe." Mama yako alikuwa akiniiga. Alijifanya mimi, nimesimama bandani na chaki, namsahihisha jogoo: "Wewe, rudia! Wika kwa ufasaha!" Mwanapili akasimama kunionyesha, kidole juu, shingo imekakamaa. Sauti ilikuwa ya mama yako kabisa. Nikacheka, Laila, mpaka nikakaa chini. Uso haukurudi. Lakini sasa najua uso huo ulikuwa ukicheka nini.

Mwanapili naye akacheka, ushungi ukamteleza. Nikasogea, nikapiga. Alipoiona nikamuuliza, "Niifute?" Akasema, "Iache." Nimeiacha.

Imekwenda upande kidogo, na sehemu ya ungo haimo. Kadi imo ndani ya bahasha hii. Naomba uisafishe wewe, kwa mikono yako.

Picha ya mama yako ilikuwapo, nami nilisimama mpaka ikaondoka. Hilo nitakwenda nalo kaburini, wala sikuombi unipunguzie. Wala sikuombi unijibu.

Sanduku nimelitoa juani, kifuniko wazi. Kanga za mama yako zimo chumbani kwako, sikuzigusa. Madirisha mawili ya chumba nimeyatia bawaba mpya, yanafunguka. Bakar anajua siku za boti.

Picha hino ni yako, na nyumba hino ni yako.

Baba